Fremu ya kaboni imepasuka: inatibika nyumbani au ndiyo basi?

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya studio Jumatatu moja asubuhi, kipindi kikiwa kimebakiza dakika kumi. Msikilizaji wetu wa Hananasif, kijana ambaye kila Jumapili alfajiri hupanda baiskeli na wenzake hadi Bunju na kurudi, alikuwa na swali fupi: "Kaka, fremu ya kaboni ikipata ufa inazibika, au hela yangu ndiyo imeshakwenda?" Nilimwambia hewani kwamba nitauliza mafundi. Nilidhani jibu lingekuwa la sentensi mbili.

Baiskeli yenyewe aliinunua mtumba, imeshuka na kontena. Aliiegemeza ukutani nje ya duka, bodaboda ikaigusa ikipita, ikaanguka na bomba la juu la fremu likapiga ukingo wa zege wa mtaro. Ufa ulikuwa mfupi, urefu wa kidole. Akaipeleka kwa fundi wa mabampa ya magari, mtu anayeijua faiba vizuri, ambaye kwa mchana mmoja alibandika faiba, akapaka puti, akapiga msasa na kumalizia kwa rangi nyeusi. Ikapendeza. Wiki tatu baadaye mstari mwembamba ukaonekana juu ya rangi, pale pale, na kila anaposimama kwenye pedeli anasikia mlio kama wa mlango uliokosa mafuta.

Nilikwenda kuiona. Fundi wa mabampa sikumkuta na lawama kwake sina, maana alifanya kile ambacho bampa linahitaji. Shida ni kwamba bampa kazi yake ni kukaa tu mbele ya gari, wakati bomba la fremu linabeba mtu mzima, linapindwa kushoto na kulia kila pedeli inapokanyagwa, na linagongwa na kila shimo la barabara. Tofauti hiyo ndiyo makala yote haya.

Nyumba ya fito

Sisi tuliokulia kwenye Phoenix na Swala tunajua fremu ya chuma ikikatika inakwenda kwa fundi wa kuchomelea, cheche zinaruka, kesho unabeba gunia la mkaa. Kaboni haichomelewi, kwa sababu hakuna cha kuyeyusha kikaungana. Ukiipelekea moto unaunguza gundi iliyoshikilia nyuzi, na kinachobaki ni kitambaa cheusi kisicho na kazi.

Fremu ya kaboni ni nyuzi na gundi. Uzi mmoja una unene wa mikroni 5 hadi 7, yaani uzipange nyuzi kama kumi ndipo upate unene wa unywele mmoja. Maelfu ya nyuzi hizo hukusanywa pamoja, zikafumwa kuwa kitambaa au kulazwa zote upande mmoja, kisha zikalowekwa kwenye gundi ya epoksi na kukaushwa kwa joto zikiwa zimebanwa kwenye umbo. Kwa ujazo ule ule, chuma kina uzito karibu mara tano ya kaboni iliyokwisha kugandishwa.

Anayetaka kuielewa haraka afikirie nyumba ya fito na udongo. Fito ndizo zinazobeba. Udongo kazi yake ni kuzishika fito zisitawanyike na kuzikinga. Ukuta ukipasuka kwa sababu fito zimevunjika, halafu wewe ukaja na udongo mpya ukaziba na kupaka chokaa, ukuta utapendeza mpaka siku ya mvua kubwa. Fundi wa mabampa aliziba udongo. Fito za fremu ya kijana wetu, zile nyuzi zilizokatika, hakuna aliyezirudisha.

Kuna jambo jingine linaloitenganisha kaboni na chuma, nalo ndilo la hatari. Chuma huaga kabla ya kuondoka: kinapinda, unaona, unashuka. Kaboni haipindi. Inabeba, inabeba, halafu inakatika ghafla. Ufa mdogo unaoonekana juu mara nyingi una mwenzake mkubwa chini, pale tabaka za nyuzi zilipoachana bila kuonyesha alama yoyote kwenye rangi.

Ndege inatengenezwa, sembuse baiskeli

Wengi huamini kwamba kaboni ikivunjika ni ya kutupa. Si kweli, na ushahidi mzuri uko kwenye ndege. Nyuzi hizi hazikuanza na baiskeli. Roger Bacon alizitengeneza maabara huko Marekani mwaka 1958, Mjapani Akio Shindo akapata njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 1960, Waingereza wa Farnborough wakaiboresha zaidi katika muongo huo huo, na walaji wa kwanza wakubwa walikuwa watu wa ndege na roketi. Baiskeli zilifuata baadaye. Mwaka 1986 Greg LeMond wa Marekani alishinda Tour de France akiwa juu ya baiskeli ya Look ya Ufaransa yenye mabomba ya kaboni, na tangu hapo mambo hayakurudi nyuma. Mashindano ya dunia ya Kigali ya Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, yalikimbiwa juu ya fremu za kaboni, na waliotazama kwenye televisheni waliona jinsi zilivyo nyepesi.

Boeing 787 Dreamliner, ile ambayo Air Tanzania waliipokea Julai 2018 tukasimama kuishangilia, karibu nusu ya uzito wake ni mchanganyiko wa namna hii wa nyuzi na gundi. Sasa, Julai 2013 ndege ya aina hiyo hiyo ya Ethiopian Airlines iliungua sehemu ya nyuma ikiwa imeegeshwa Heathrow, London, bila abiria ndani. Moto ulianzia kwenye betri ya kifaa cha dharura karibu na mkia, ukachoma ganda la juu. Boeing wakalitengeneza ganda hilo, na kufikia mwisho wa mwaka ule ndege ilikuwa imerudi kubeba watu.

Kwa hiyo inatengenezeka. Ila walioitengeneza ndege ile walipima, wakakata kilichoharibika, wakarudisha nyuzi kwa mahesabu, na wakapima tena. Mtu wa nyumbani anaweza kufuata mantiki ile ile kwenye kipande kidogo cha bomba, mradi ajue mipaka yake.

Gonga usikie

Kabla ya kufikiria gundi, tafuta ukubwa wa ugonjwa. Mama zetu wanaponunua chungu hukigonga kwa kucha na kusikiliza: chungu kizima kinalia, chenye ufa kinakoroma. Kaboni ni hivyo hivyo. Chukua sarafu, anza kugonga taratibu mbali na ufa ambako bomba ni zima, ukisogea kidogo kidogo. Mlio mkavu na mkali ukigeuka kuwa butu, kama umegonga ubao uliolowa, hapo chini tabaka zimeachana. Weka alama kwa kalamu. Zunguka bomba lote. Ukimaliza utakuwa umechora ramani, na mara nyingi ramani hiyo ni kubwa kuliko ufa ulioanza nao.

Ya kijana wetu ilikuwa hivyo. Ufa wa kidole kimoja, eneo butu la vidole vitatu.

Minya pia kwa dole gumba. Kama bomba linabonyea au linatoa mlio, hilo limeumia ndani. Angalia upande wa chini, ambao watu husahau. Na uwe mkweli kuhusu chanzo: kama iligongwa na gari au uligonga kitu uso kwa uso, usitazame ufa mmoja tu, kwani nguvu ile ilipita fremu nzima.

Kisha kuna sehemu ambazo mimi, baada ya kuuliza huku na huku, ningemwambia hata ndugu yangu wa damu asiziguse nyumbani. Uma wa mbele, ule mafundi wanaouita foko, pamoja na shina lake linaloingia shingoni. Usukani. Nguzo ya siti. Rimu. Shingo ya fremu yenyewe, sehemu ya kati inayoshika ekseli ya pedeli, na masikio ya nyuma yanayokamata gurudumu. Baadhi ya hizi zinatengenezwa na wataalamu wenye vifaa, lakini foko na usukani ni vya kununua vingine tu. Foko likikatika ukiwa unateremka, hakuna muda wa kushika breki. Unakwenda na uso. Kinachobaki kwa mtu wa nyumbani ni katikati ya bomba, la juu, la chini au la siti, mbali na maungio, kwa ufa usiozidi nusu ya mzunguko wa bomba. Ukizidi hapo, tafuta mtaalamu au tafuta fremu.

Fremu ya Hananasif ilikuwa kwenye fungu hilo la kubahatika: katikati ya bomba la juu, upande mmoja.

Kwa nini faiba ya bampa iliachia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wa Dar wanapopotelea, na kosa lenyewe linatoka kwenye ujuzi, si kwenye ujinga.

Mafundi wetu wa faiba, wa mabampa, wa matangi ya maji na wa boti, wengi wanatumia rezini ya poliesta. Inapatikana, bei yake inavumilika, inakauka haraka. Lakini fremu imejengwa kwa epoksi, na poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kukauka. Pia poliesta hujikunja zaidi inapoganda, hivyo tangu siku ya kwanza kiraka kinavutana na bomba kwenye kingo zake. Poliesta juu ya poliesta, kama kwenye bampa au boti, ni kazi nzuri tu.

Cha pili ni ile faiba ya manyoya, mkeka wa nyuzi fupi za kioo zilizotawanywa bila mpangilio. Nyuzi hizo hushikanishwa na kitu ambacho kimetengenezwa kiyeyuke kwenye rezini ya poliesta. Ukiipaka epoksi, mkeka hauloi sawasawa na unabaki mgumu kulaza. Na hata ukilowa, nyuzi fupi zinazoelekea kila upande haziwezi kufanya kazi ya nyuzi ndefu zilizopangwa kufuata bomba.

Cha tatu ni puti. Puti ni unga na rezini. Haina fito hata moja. Inafaa kulainisha umbo mwishoni, haibebi chochote.

La nne ni tabia ya mkono. Kwenye poliesta, hadina ni tone la asilimia moja au mbili, na fundi akitaka kazi ikauke upesi anaongeza kidogo, inakauka upesi kweli. Kwenye epoksi hadina ni nusu ya kiungo chenyewe. Kila chembe ya rezini inatafuta mwenzake wa hadina, kwa kipimo kimoja tu kilichoandikwa kwenye kopo. Ukizidisha, ile iliyokosa mwenzi inabaki laini humo ndani milele, na kazi yote inakuwa kama ubani uliotafunwa. Epoksi hupimwa kwa mizani, ile ndogo ya kidijitali, na si kwa kifuniko cha soda.

Nilipomweleza haya mzee mmoja anayetengeneza boti za faiba, baada ya shikamoo na marahaba, alicheka. "Mwanangu, mimi boti naipa tabaka nene mpaka nalala usingizi. Hiyo baiskeli yenu unene wake kama ganda la yai, kosa dogo tu linaonekana." Ni kweli. Katikati ya bomba la juu, ukuta wa fremu nyingi ni milimita moja hadi moja na nusu, na kwenye fremu nyepesi sana ni pungufu ya hapo.

Kazi yenyewe

Anza kwa kutoa kila kitu: rangi, puti, faiba ya zamani. Kwa msasa na mkono, si kwa dawa ya kutolea rangi, kwa sababu dawa hiyo inakula na epoksi ya fremu. Grenda pia iweke kando. Sekunde mbili za kuteleza zinatosha kutoboa. Endelea hadi uone weusi wa kaboni, kisha ufuate ufa hadi mwisho wake wa kweli. Nyuzi zilizokatika na tabaka zilizoachana zisuguliwe zitoke. Kama tabaka la ndani kabisa bado zima, liache liwe sakafu ya kujengea. Kama umetokea tundu, hiyo si kazi ya kujifunzia.

Sasa tengeneza mteremko. Usichimbe shimo lenye kingo za wima kama kaburi. Sugua ili eneo lishuke taratibu kutoka kwenye bomba zima hadi kwenye jeraha. Watu wa ndege hutumia uwiano wa 1 kwa 20 hadi 1 kwa 50. Kwa ukuta wa milimita moja, maana yake mteremko wa sentimita 2 hadi 5 kila upande. Mteremko huo ndio unaoruhusu mzigo kuhama kutoka nyuzi za zamani kwenda nyuzi mpya kidogo kidogo. Ukikumbuka kiraka cha kaptula ya shule, jinsi kilivyokuwa imara na kitambaa kikachanika kando yake, umeelewa kwa nini kiraka kinene chenye ukingo wa ghafla ni kibaya kuliko chembamba kilichotandazwa.

Futa kwa asetoni na kitambaa safi, mara mbili, na baada ya hapo usiguse kwa mkono mtupu. Jasho la Dar linatosha kuharibu mshiko.

Kitambaa cha kaboni huwezi kukikuta kila duka. Wengi huagiza nje kwa mtandao, na kipande cha nusu mita kinatosha fremu kadhaa. Kile cha kawaida cha gramu 200 kwa mita ya mraba hutoa unene wa karibu robo milimita kwa tabaka, kwa hiyo ukuta wa milimita moja unahitaji tabaka nne au tano. Angalia usiuziwe karatasi ya kubandika yenye picha ya kaboni, zipo nyingi kwa ajili ya mapambo ya magari. Nyuzi nyingi zilale kufuata urefu wa bomba, na baadhi ya tabaka ziende mshazari, nyuzi 45, kwa ajili ya kule kupindwa kunakotokana na kukanyaga pedeli. Kila tabaka lizidi la chini yake kwa kama sentimita moja kila upande, na za mwisho zizunguke bomba lote.

Epoksi nayo ina aina. Ile ya meza za mapambo na ya sakafu zinazong'aa, ambayo sasa imejaa mjini, imetengenezwa ijisawazishe na kupendeza. Nyingi ni laini kwa kazi hii. Tafuta ya kulowekea vitambaa, ya boti au ya mfano huo, na usome karatasi yake. Lowesha kila tabaka mpaka liwe jeusi linalong'aa bila madoa meupe, lakini lisielee. Gundi iliyozidi ni uzito na ubovu.

Kukamua gundi iliyozidi na hewa ndiko kunakotenganisha kazi nzuri na mbaya. Kiwandani hutumia joto na mgandamizo; nyumbani funga juu yake kitambaa maalumu cha nailoni kisichonasa, kisha zungushia tepu ya umeme iliyotobolewa matundu madogo kwa sindano, upande wa gundi ukiwa nje, kwa kuivuta kweli kweli. Vipande virefu vya tyubu kuukuu ya baiskeli navyo vinafanya kazi hiyo, na hivyo fundi baiskeli yeyote wa Mwananyamala atakupa bure. Utaona epoksi inatoka jasho kwenye matundu. Acha.

Kwamba kufunga nyuzi na epoksi kwa mkono kunaweza kubeba mtu, majirani wametuonyesha. Kampala, karakana ya Boogaali huunda fremu za mianzi ambazo maungio yake hufungwa kwa kitambaa cha magome ya mti, kile cha asili cha Waganda, kikilowekwa rezini. Ghana na Zambia nao wana baiskeli zao za mianzi. Humo hamna moto wa kuchomelea hata kidogo.

Joto letu na unyevu wetu

Maelekezo ya kwenye makopo mengi yameandikwa kwa karakana yenye nyuzi joto 20 au 25. Kinondoni mwezi Januari mchana ni 32 na zaidi. Kwa kukadiria, kila joto linapopanda nyuzi 10, muda wa kufanyia kazi epoksi unapungua kwa nusu. Kopo likisema dakika 30, hesabu 15. Changanya kidogo kidogo, na mimina kwenye sahani pana badala ya kuiacha ndani ya kikombe, kwa sababu ikiwa nyingi mahali pamoja inajipasha yenyewe, inachemka, inafuka moshi na inaweza kuyeyusha kikombe cha plastiki. Fanya kazi alfajiri.

Unyevu wa masika nao una lake. Epoksi nyingi zikikauka kwenye hewa yenye maji mengi hutoa utando wenye utelezi juu yake, kama sabuni. Ukiweka tabaka jingine bila kuuosha kwa maji na kupitisha msasa, umeweka ukuta wa mafuta katikati ya kazi yako.

Na jua. Epoksi iliyokauka kwa joto la kawaida huanza kulegea ikifika nyuzi joto 50 au 60, kutegemea aina. Fremu nyeusi ndani ya gari lililofungwa vioo mchana inaweza kufika huko. Dawa yake ni kuipasha polepole baada ya kuwa ngumu, kwa kiwango ambacho mtengenezaji ameandika. Epoksi iliyopashwa hivyo huvumilia joto zaidi kuliko ile iliyoachwa ikauke kivulini tu. Usiipande kabla ya siku zilizoandikwa kwisha. Kuwa ngumu kwa kidole baada ya saa 24 si kukomaa.

Sisi tulio karibu na bahari tuongeze jambo moja lisilohusu ufa: kaboni ikigusana na aluminiamu kwenye chumvi na maji, aluminiamu inaliwa. Ndiyo maana nguzo ya siti ya aluminiamu hunasia kwenye fremu ya kaboni, halafu mtu anaipiga nyundo na kupasua kilichokuwa kizima. Itoe kila baada ya miezi michache, ifute, paka mchanganyiko maalumu wa kaboni, urudishe. Na boliti za kubana siti nyingi zimeandikwa kipimo chake, mara nyingi nyutoni-mita 5. Sisi hukaza mpaka mkono ugome. Nyufa ngapi zimezaliwa kwa spana!

Vumbi

Nyumba nyingi za kwetu zina ua mmoja, familia nne, na watoto wanacheza chini. Vumbi la kaboni lisipigwe hapo. Ni vipande vidogo sana vya nyuzi vinavyowasha ngozi na macho na havitakiwi kifuani. Sugua kwa msasa wa maji, na maji yenyewe uyafute kwa karatasi badala ya kuyamwaga uani. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, ile inayobana uso, kwani ya kitambaa tuliyozoea wakati wa korona haitoshi. Mikono mirefu, miwani, glavu. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Vumbi hilo pia linapitisha umeme, kwa hiyo weka mbali simu, redio na kompyuta.

Hadina ya epoksi ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu haiumi siku ya kwanza. Ngozi inaweza kuizoea vibaya baada ya kugusana nayo mara kadhaa, halafu ikaikataa kwa maisha yote, upele na uvimbe kila unapoikaribia. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji. Usifute kwa tina, kwani tina huipenyeza ndani ya ngozi.

Baada ya hapo

Kazi ikikomaa, rudi na sarafu yako ugonge tena pale pale. Mlio uwe mkavu. Kabla ya rangi, au hata badala ya rangi, acha kiraka wazi au kipake vanishi tu, ili uone. Chora mstari mwembamba kwenye kingo zake na uutazame kila baada ya safari. Anza barabara tambarare, mwendo wa pole, bila matuta. Mlio wowote mpya, shuka.

Na siku ya kuiuza, mwambie mnunuzi. Baiskeli za mtumba zinapita mikono mingi mjini hapa, na rangi mpya kwenye sehemu moja ya fremu ni sababu ya kutoa sarafu mfukoni kabla ya kutoa pesa.

Kijana wetu ameshatoa puti yote. Chini yake alikuta ufa ukiwa umeongezeka kama sentimita moja tangu siku ilipoanguka, lakini bado upande mmoja wa bomba, na tabaka la ndani zima. Ameagiza kitambaa, na epoksi ameipata kwa watu wa boti. Jumapili iliyopita alikwenda Bunju na wenzake kwa Phoenix ya baba yake, ambayo ina uzito wa karibu kilo 20, na anasema walimsubiri mara tatu.